Chumvi imegeuka njano

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu Eliamini,

Habari za Moshi? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku tu wazima.

Uliniuliza kwa simu kwa nini nahangaika na vipande vya stenlesi wakati wewe, fundi wa kuchomelea, unajua haishiki kutu. Grenda ilikuwa inapiga kelele, sikukujibu vizuri.

Stenlesi inalindwa na kromiamu iliyomo, inayoifunika kwa utando mwembamba sana. Mvua haiuwezi. Lakini mimi naitumbukiza kwenye chumvi za karboneti za lithiamu, sodiamu na potasiamu zilizochanganywa. Zinayeyuka karibu nyuzi 400, nami nazipandisha hadi 650. Ile ya sodiamu unaijua, imo kwenye magadi anayotia mama katika kiburu. Ikiwa moto hivyo inautafuna utando wenyewe: kromiamu inageuka kromati, na kromati inayeyukia ndani ya chumvi.

Jumatano nilifungua tanuri baada ya saa 500. Kabla sijagusa mizani nikaona chumvi niliyoiweka nyeupe pe imekuwa njano. Eli, ile njano ndiyo ngao ya stenlesi! Niliitazama muda mrefu. Kipande chenyewe kilivaa ganda jeusi linalobanduka. Cha aloi (mchanganyiko wa metali) yenye aluminiamu, katika chungu cha pembeni, kimetoka karibu kama kilivyoingia, na huko ndiko matumaini yangu yalipo.

Mitambo ya umeme wa jua huhifadhi joto la usiku kwenye chumvi za naitreti, ambazo zikipita nyuzi 600 zinaharibika. Karboneti zinastahimili zaidi ya 700. Ila tangi la kuzihifadhi likiliwa, hakuna kitu.

Tena si jambo geni kwetu. Lava ya mlima Ol Doinyo Lengai ni karboneti zilizoyeyuka, hutoka nyeusi kwenye nyuzi 500 na kitu, ikikutana na unyevu inakuwa nyeupe. Madini yake mojawapo yanaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu.

Sasa ombi. Tangi halijengwi bila mshono, nami nataka kujua kama mshono unaliwa kwanza. Nichomelee vipande vinne vya stenlesi ya aina ya 316, sentimita mbili kwa mbili, mshono upite katikati, wala usiupige msasa. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitavipokea stendi.

Msalimie mama.

Wako,
Joakimu