Harambee ya Mashine ya Kupima Moyo Unaopanda Kilima

Ndugu na dada wapendwa, Bwana asifiwe.

Mzee mmoja wa besi katika kwaya yetu alianza kusimama njiani kila akipanda kutoka sokoni Wundanyi. Akisimama, kifua kinaachia. Akipanda tena, kinabana. Alipimwa ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwa mstari kwenye karatasi, akiwa amelala kitandani, karatasi ikatoka safi, akapewa dawa za tumbo. Miezi ikapita. Mwishowe wanawe walimteremsha hadi Mombasa, akapandishwa kwenye mashine ya kutembea huku ECG ikichora. Dakika ya saba mstari wa moyo wake ukazama, kifua kikabana vilevile kama mlimani. Sasa anatumia dawa zinazostahili, na Jumapili yuko kwenye safu yake.

Mtu akilala, moyo hauhitaji damu nyingi, kwa hiyo hata mshipa uliobana huweza kuutosheleza. Lazima upandishwe kilima ndipo useme. Mgonjwa hubandikwa vibandiko 10 vya ECG, huanza kwa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Utaratibu huo ni wa daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani. (Sisi Wataita tunaufanya bila mashine tangu utotoni.) Daktari hukodolea macho kipande cha mstari kiitwacho ST: kikishuka milimita 1 au zaidi, kikiwa kimelala au kinateremka, anashuku kwamba damu haiufikii moyo ipasavyo.

Tusidanganyane, kipimo hiki hukosea. Kuna wanaoambiwa wana tatizo kumbe hawana, hasa akina mama, na kuna wagonjwa wanaopita bila kugunduliwa. Ndiyo maana husomwa pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Na mtu ambaye kifua kinambana hata akiwa ameketi hapandishwi mashine. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini mara moja.

Kwa hospitali yetu ndogo ya kanisa tunachangia vitu vitatu kwa pamoja: mashine ya kutembea, ECG yake, na mashine ya kushtua moyo uliosimama ili upige tena. Wapo waliosema hii ya tatu ingoje mwaka ujao. Kamati imekataa. Ni nadra moyo kusimama wakati wa kipimo, lakini ukisimama hakuna nafasi ya kupigia simu ambulensi ipande kutoka Voi.

Tunaomba kila familia shilingi 1,000. Mwenye zaidi asijizuie, na asiye nazo alete kuku, mayai au mkungu wa ndizi, tutapiga mnada baada ya ibada Jumapili ya mwisho wa mwezi. Walio Mombasa, Nairobi na Ghuba watume kwa M-Pesa kwa mweka hazina wetu. Kila shilingi itaandikwa kwenye ubao wa matangazo, na risiti za ununuzi zitabandikwa hapo hapo.

Akina mama wa jikoni bado wanatafuta sufuria mbili kubwa za chai. Mwenye nazo azilete Jumamosi jioni.