Kichocheo kinachotuliza

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Umeniuliza inakuwaje protini ileile, intalukini-2, iamshe kinga ya mgonjwa wa saratani na kutuliza kinga ya yule ambaye mwili wake unajishambulia wenyewe.

Ilipogunduliwa mwaka 1976, ilijulikana kuwa chakula cha kuzikuzia maabarani seli T, yaani seli nyeupe za damu zilizo askari wa kinga, na kazi hiyo naiona kila siku: seli nilizoitilia hujikusanya mafungu mafungu chini ya darubini, ilhali sahani niliyosahau kuitilia mwezi uliopita, kwa uzembe wangu tu, nilikuta seli zake zimesinyaa. Tunayotumia haikamuliwi kutoka katika damu ya mtu. Jeni yake ilinakiliwa mwaka 1983, nayo sasa hutengenezwa ndani ya bakteria. Katika ile ya hospitalini, aldesleukin, kiungo cha 125 katika mnyororo wa protini hiyo, asidi amino iitwayo sisteini, kimebadilishwa kuwa nyingine, serini, ili protini isijifunge vibaya. Marekani iliiidhinisha mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Kwa dozi kubwa, wagonjwa wachache walipona kabisa, lakini mishipa ya damu huvuja maji na shinikizo likashuka, hata mgonjwa hulazimika kulazwa chini ya uangalizi mkali.

Jibu la swali lako limo katika kipokezi, yaani sehemu ya juu ya seli inayoinasa intalukini-2, ambacho kina vipande vitatu: alfa, beta na gama. Seli T nyingi zilizotulia zina beta na gama tu, kwa hiyo huhitaji intalukini tele ndipo ziamke. Seli T za udhibiti, ambazo kazi yao ni kuzizuia nyingine zisivuke mpaka, daima zimebeba alfa pia, na kipokezi kamili huinasa protini hiyo kwa nguvu takriban mara 100 zaidi. Ikiwa kidogo, basi, wadhibiti ndio wanaoiwahi, nao huitegemea. Ndiyo maana panya walioondolewa jeni ya intalukini-2, ambao ungewatarajia wawe na kinga dhaifu tu, mwaka 1993 walionekana wakiugua uvimbe mkali wa utumbo uliosababishwa na kinga yao wenyewe.

Hata hivyo usidhani kwamba kupunguza dozi kunamaliza shida. Seli T ya kawaida ikishachokozwa huota alfa yake, na kwa mgonjwa ambaye kinga yake tayari imechachamaa, seli za namna hiyo ni nyingi, nazo hugombea tone lilelile.

Nisalimie mama na wadogo zako.

Rafiki yako,
Mwanaidi