Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Fleti Zetu na Ofisi Yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka mzima mmeniuliza jambo moja: kwa nini fleti za Sinza zinaingiza fedha kila mara, wakati ghorofa yetu ya ofisi pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, imekaa miezi 7 bila mpangaji? Mna haki ya kuuliza, na mimi ndiye niliyewashawishi tuinunue.

Mtu akihama fleti, tunakosa pango la mlango mmoja. Dalali anachukua chake cha mwezi mmoja, fundi anapiga rangi, na haupiti muda, mpangaji mwingine anashusha vitanda. Mpangaji wa ofisi akihama, ghorofa nzima inalala, ila lifti, mlinzi na bima haviachi kudai. Na anayekuja huvunja kuta za jipsamu za mwenzake, kisha anaomba miezi ya matengenezo bila kulipa.

Ofisi ina mazuri yake. Mkataba huwa wa miaka 3 hadi 5, gharama za uendeshaji analipa mpangaji, na hakuna anayempigia mhasibu usiku kwamba choo kimeziba. (Mhasibu wetu anajua ninachosema.) Lakini pango la makazi halina VAT (kodi ya ongezeko la thamani); la ofisi, kwa kuwa tumesajiliwa kwa kodi hiyo, lina asilimia 18. Kampuni iliyosajiliwa huidai VAT hiyo irudi, asasi ndogo zisizosajiliwa huibeba zenyewe, ndiyo maana zinabishana bei hadi jasho linatoka. Bado mpangaji anakata kwenye pango kodi ya zuio asilimia 10, anayoipeleka serikalini, kabla hatujaona senti.

Kosa letu hasa lilikuwa kusoma soko vibaya. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza Serikali kuhamia Dodoma. Wizara zilipoanza kufungasha, katikati ya jiji wapangaji waliobaki wakawa na majengo ya kuchagua. Sisi tulinunua baada ya hapo kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, wala hatukuuliza nafuu ile ilitoka wapi.

Kamati inapendekeza tusinunue ofisi nyingine. Ghorofa ya Posta tuigawe vyumba vidogo kwa mawakili na mawakala wa forodha, maana bandari iko jirani. Akiba iende kwenye fleti za chumba na sebule, kila moja na hati yake chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, siyo karatasi ya mauziano peke yake. Makadirio ya fundi yapo mezani. Kura ni baada ya chai.