Kuelekea arobaini ya Babu: daftari, picha na kanda zake

Assalamu alaykum ndugu, majirani na wajukuu. Khitma inakaribia, na masika ya Pangani hayasubiri mtu. Tuanze na makaratasi.

Mwenye daftari au barua ya Babu asizibe mpasuko kwa selotepu. Gundi hugeuka njano na kung'oa wino. Asilaminishe pia, maana hakuna kurudi nyuma. Pini zenye kutu zitoeni taratibu. Msifungie karatasi kwenye nailoni: unyevu ukibaki ndani, ukungu unaota.

Pigeni picha kila ukurasa, na jalada pia, mchana, kivulini, bila flashi. Tumeni kama dokumenti. Picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa, na kwenye maandishi yake ya herufi za Kiarabu nukta zikipotea, ba na ta hazitofautiani. Nyuma ya picha za zamani andikeni majina kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino.

Kanda ndizo zinanitia wasiwasi zaidi, hasa ile anayosimulia kunyongwa kwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, Desemba 1889. Kabla ya kucheza kanda yoyote, vunjeni vile vidude viwili vya plastiki ukingoni, mtu asije akarekodi juu yake. Yenye unga mweupe msiicheze kabisa. Ni ukungu, utachafua hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma kanda, na kuhamia kanda nyingine. Mkinakili, hifadhini kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, nakala tatu, moja ikae Tanga.

Wazee wanaotambua nyuso na mitaa ya Bweni, tunawaomba barazani Jumamosi baada ya Alasiri.