Pini ya tela si pambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye boti, madereva wao na wenye fukwe, kuanzia Kunduchi na Msasani hadi Kigamboni. Kusi ikishapungua, boti zilizokaa uani miezi kadhaa hurudi barabarani. Zikirudi, tunakagua injini, mafuta, betri na jaketi okozi. Kiungo kinachoshika tela nyuma ya gari hakiguswi, na hoja ni ileile: mbona siku zote kinashika? Kinashika barabarani. Kwenye mteremko wa kushushia boti nguvu hugeuka, na kiungo kilichotulia kutoka Tegeta hadi ufukweni kinaweza kuachia katika mita kumi za mwisho.

Nitaje kwanza vifaa vyenyewe tusipishane. Nyuma ya gari kuna tufe la chuma. Mwisho wa mkono wa tela kuna kikombe kinacholifunika tufe hilo; ndani yake mna taya linalobana tufe kwa chini, na juu kuna komeo la kulifunga taya. Komeo lina tundu, na tundu hilo ni la pini.

Tufe la kawaida kwetu ni la milimita 50. Lakini boti zilizotumika zinazoingia na matela yake kutoka Marekani, au kupitia Ghuba, mara nyingi huwa na vikombe vya vipimo vya Kimarekani: inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6, inchi 2, yaani milimita 50.8, na kwa matela mazito inchi 2 na 5/16, karibu milimita 58.7. Hilo kubwa hata mtoto atalitambua. Tatizo ni 47.6, 50 na 50.8, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kikombe cha 50 juu ya tufe la 47.6 hufunga vizuri na komeo hulala chini, wala huoni kasoro yoyote, ila ndani kuna nafasi ya milimita 2.4, nayo inatosha taya kuteleza tela likirushwa na tuta. Kikombe cha 50 juu ya tufe la inchi 2 huleta balaa la upande wa pili: kinabana, hakishuki hadi mwisho, komeo linasimama nusu, na hapo mtu huchukua nyundo. Komeo lililolazwa kwa nyundo lihesabu kuwa halijafungwa.

Kipimo huandikwa juu ya tufe na ubavuni mwa kikombe. Kutu ikiwa imekula maandishi, tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na upime tufe pande zote, kwa sababu halilingani kulika: mbele na nyuma huisha kabla ya ubavuni. Tufe la 50 lililofika milimita 49, litoe. Halafu angalia linavyoshikiliwa. Lenye shina moja la inchi 3/4 hukazwa kwa takriban Nm 217 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), na la shina la inchi 1 kwa takriban Nm 340. Lile la bolti mbili za M16 za daraja 8.8 la ugumu linataka takriban Nm 200 kwa kila bolti. Spana fupi haifiki huko. Gereji yenye spana ya kupimia nguvu ipo, nenda. Bolti isiyo na namba 8.8 kichwani usiikubali hata ukiambiwa ni ngumu kuliko ya kiwandani.

Ukishaunganisha, jaribio ni hili. Komeo likiwa limefungwa, zungusha jeki ya tela kana kwamba unataka kuuinua mkono. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nao sentimita 3 hadi 5, kikombe kimeshika. Kikichomoka, shukuru kimechomokea uani. Ndipo ushushe jeki, ukunje gurudumu lake, utie pini. Msumari wa inchi tatu si pini: hauna kizuizi, na rasta za Barabara ya Bagamoyo zitautikisa mpaka uanguke bila wewe kusikia. Waya wa kufungia nondo hupindika siku mbili tatu kisha ukakatika. Kufuli ndogo inayopita tunduni inafaa, na inamchelewesha mwizi pia.

Sasa uzito, ambao wengi hukisia. Chukua boti ya faiba ya futi 18: tuseme gamba kilo 650, mashine 150, petroli lita 100 ambazo ni kilo 75 hivi, nanga, betri na vyombo 125, tela lenyewe 350. Jumla kilo 1,350. Kwa tela la boti, mzigo unaokaa juu ya tufe uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya jumla hiyo, hapa ni kilo 67 hadi 135, na usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha chuma cha kuvutia. Ukiwa mdogo, tela linayumba. Ukizidi, nyuma ya gari inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi.

Kuupima hakuhitaji mashine. Weka mizani ya bafuni upande mmoja na tofali la kimo hicho upande wa pili, laza ubao mgumu juu yake, kisha shusha mkono wa tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Mizani itasoma theluthi. Zidisha kwa 3. Ardhi iwe sawa, magurudumu yawe na kabari, na kikombe kiwe kwenye kimo kilekile cha kuvutwa, ambacho kwa tufe la 50 ni kati ya sentimita 35 na 42 kutoka chini gari likiwa limepakia.

Wanaojua haya yote husahau kwamba boti hairudi na uzito iliyoendea. Samaki na barafu viko kwenye sanduku la tezi, yaani nyuma ya boti, tangi la petroli la mbele limeisha, na ngamani, chini kabisa ndani ya boti, mna maji. Lita mia za maji ni kilo mia, na zote hukimbilia tezi gari linapopanda mteremko. Asubuhi ulipima kilo 95 juu ya tufe, jioni unaweza kubaki na 20. Ndiyo maana kizibo cha tundu la kutolea maji hutolewa hapohapo juu ya mteremko, omo (mbele ya boti) ikiwa bado imeinuka, maji yatoke yote kabla ya lami. Tela likianza kuyumba njiani, usikanyage breki wala usilifuate kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, usukani unyooke, gari lipungue lenyewe.

Nirudi kwenye mteremko. Tela likiwa barabarani, mkono hulalia tufe, kwa hiyo chuma cha juu cha kikombe ndicho kinachobeba, na komeo halina kazi kubwa. Maji yakiwa yamekupwa, watu hawana subira. Husukuma boti juu ya rola iteremke kwenye maji ya magotini. Tuseme boti peke yake ni kilo 1,000, na kikombe kiko mita 4 mbele ya ekseli. Kitovu cha uzito wa boti kikishafika mita 1 nyuma ya ekseli, mkono wa tela unavutwa juu kwa nguvu ya kilo 250. Toa uzito wa mkono wenyewe, bado zimebaki zaidi ya 200 zinazovuta kikombe kitoke kwenye tufe. Dakika hiyo kinacholizuia tela ni taya na komeo tu, na kinachozuia komeo ni pini. Hali ni hiyohiyo unapoirudisha boti ikiwa nusu imepanda rola na tezi bado iko nje.

Nguvu hiyohiyo inalifanyia gari jambo la pili. Inainua nyuma, na kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Magurudumu mepesi juu ya zege lenye mwani wa kijani hayashiki kitu. Gari linaanza kurudi taratibu, dereva yuko nje anashika kamba, na hakuna wa kulizuia.

Dawa yake ya kwanza ni kungoja maji. Pwani yetu wakati wa bamvu, yaani maji makuu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Angalia jedwali, shuka yanapojaa, rudisha tela hadi tezi ielee yenyewe badala ya kuiviringisha. Sehemu ya zege iliyotoka majini muda si mrefu ndiyo yenye utelezi kuliko zote, kwa hiyo magurudumu ya gari yasifike kwenye alama ya mwani. Ya pili, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne liwekwe kwenye 4L, gia yake ya nguvu, kabla ya kushuka. La gia za mkono lizimwe likiwa kwenye gia ya kwanza, la otomatiki kwenye P, ili magurudumu ya mbele nayo yashike. Tahadhari na rungu dogo la gia, lile la kuingizia 4L: likibaki kwenye N, hiyo P au gia ya kwanza haishiki gurudumu lolote. Ya tatu ni kabari mbili chini ya magurudumu ya gari upande wa majini, zenye kamba ya kuzivutia. Abiria wote washuke juu, vioo vya dereva viwe wazi.

Mikanda ya tezi hufunguliwa juu kwenye tambarare. Mkanda wa winchi na mnyororo wa omo haufunguliwi huko, kwa sababu boti huteleza kwenye rola ikamalizia safari juu ya zege. Omo ifunguliwe tezi ikiwa imeelea na mtu ameshika kamba. Mkono wa winchi usiachiwe ukiwa na mzigo: huzunguka kwa kasi ya kuvunja kifundo. Asisimame mtu nyuma ya tela, wala kati ya tela na gari, hata huyo anayeelekeza. Aelekeze kutoka ubavuni mahali anapoonekana kwenye kioo cha dereva.

Minyororo ya usalama wengi wanayo, ila wanaifunga kama mapambo. Iwe miwili, kila mmoja uweze kubeba uzito wote wa tela na boti, na ipishane chini ya mkono: wa kushoto uende kulia, wa kulia kushoto. Ikipishana hivyo, mkono ukichomoka unaangukia juu yake badala ya kuchimba lami. Urefu uruhusu kona kali bila kuburuta chini. Usiufupishe kwa kuusokota, maana pete zilizosokotwa hubebeshwa pembeni na uwezo wake hupungua. Hamisha ndoano pete kadhaa mbele. Na isifungwe kwenye tufe lenyewe, kwa sababu tufe likitoka na minyororo inatoka nalo.

Lipo jambo moja ambalo ningeomba likatazwe kabisa fukweni. Gari likinasa mchangani, watu hutupia kitanzi cha kamba kwenye tufe na gari la pili linavuta kwa kishindo. Tufe limetengenezwa kwa mvuto wa polepole. Likikatika kwa mvuto wa ghafla, hasa kwa kamba inayonyumbuka, huruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Vuta kwa shakeli kwenye sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi, na watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba.

Mengine kwa ufupi. Chomoa plagi ya taa kabla ya kuingia majini, balbu ya moto hupasuka. Beringi za safari ndefu zipewe dakika 20 zipoe, la sivyo habu hunyonya maji ya chumvi kupita sili. Baada ya bahari, tela lote lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, pamoja na taya na springi ya komeo, maana springi iliyoganda kwa kutu ndiyo inayofanya komeo lionekane limefunga. Grisi kidogo ndani ya kikombe.

Ombi langu ni kwa wenye fukwe na klabu ambako boti hushushwa. Ukaguzi wa barabarani huangalia taa na tairi, wa chombo huangalia vifaa vya uokoaji. Mara chache utaona mtu akiinama kutazama kikombe. Getini kwenu ndipo mahali pa mwisho pa kulisimamisha tela. Mlinzi afundishwe kuangalia vitatu: pini imo, minyororo imepishana, na namba ya tufe inalingana na ya kikombe. Asiye na pini auziwe hapohapo. Wekeni za chuma cha pua zenye kizuizi cha springi, na kila moja iwe na kamba fupi ya kuifunga kwenye mkono wa tela isipotelee majini.

Fundi wa matela na boti,
Kunduchi, Dar es Salaam