Ujiji haihitaji kuvaa vazi lisilo lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaosikika hapa Kigoma kila utalii wa mkoa wetu unapozungumzwa, nao ni iwapo Ujiji imebakiwa na kitu halisi cha kumwonyesha mgeni. Wapo wanaosema mji umebadilika mno, mabati yamefunika kila kona, na mwembe ambao inasimuliwa kuwa chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 haupo tena; kwa hiyo tujenge kijiji cha maonyesho, tuwavishe vijana magome ya miti, mtalii aipate Afrika aliyoifuata. Mimi ni mwenyeji wa Ujiji na nalipinga wazo hilo. Hoja yangu nimeitoa mbali, kwa wanafalsafa wa kale wa China, ambao walilitafakari suala la uhalisi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Katika kitabu kinachobeba jina la Zhuangzi, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, imo sura ya mvuvi mzee. Confucius, mwalimu mashuhuri wa China ya kale, ameketi chini ya miti akipiga kinanda cha nyuzi, wanafunzi wake wakisoma, na mvuvi mwenye nyusi na ndevu nyeupe anashuka kutoka chomboni kuja kusikiliza. Baadaye wanazungumza, na Confucius anamwuliza uhalisi ni nini. Mvuvi hataji vitu vya kale wala mila zilizohifadhiwa. Anajibu kwamba uhalisi ni unyofu wa moyo uliofikia kilele chake, na anatoa mfano: anayejilazimisha kulia hamgusi mtu hata akipaza sauti, ilhali mwenye uchungu wa kweli huwahuzunisha wengine kabla hajatoa sauti yoyote. Sisi tuliokaa matangani mara nyingi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mvuvi anapoondoka, Confucius anangoja mpaka maji yatulie na sauti ya kasia isisikike tena, ndipo anapanda gari lake. Na mwanafunzi wake Zilu anashangaa kwa nini mwalimu ambaye hata watawala humheshimu amwinamie mvuvi kiasi hicho.

Siwezi kuisoma sura hiyo bila kuwafikiria wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga. Mgeni hushuka uwanja wa ndege, akapelekwa moja kwa moja kwenye boti ya kwenda Gombe kuwatazama sokwe mtu, akaupita mwalo ambako dagaa wameanikwa na migebuka inauzwa, asiulize hata jina la samaki, kisha akalalamika kwamba hakuiona Tanzania ya kweli. Akiona injini kwenye boti na simu mkononi mwa mvuvi, hudhani uhalisi umekwisha kutoweka. Kumbe mtu yule amekesha ziwani akiwavuta dagaa kwa mwanga, siku hizi mara nyingi ni taa za sola badala ya karabai, na mwezi mpevu ukiwaka hupumzika kwa sababu mwanga wa taa hauna nguvu tena. Wala hakuna hata kimoja katika hayo anachokifanya ili atazamwe.

Aidha, Ujiji ambayo Livingstone aliifikia haikuwa kijiji kilichojitenga na dunia. Ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, ikileta shanga na vitambaa vya merikani, na ikirudi pwani na pembe za ndovu pamoja na watu waliotekwa utumwani. Kumvisha kijana wa mji huo magome ili aonekane wa asili ni kuifuta historia hiyo nzito, na huo ndio uongo ninaouogopa.

Sipingi ngoma kuchezwa mbele ya wageni. Confucius mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa sherehe na taratibu. Alichosema hawezi kukitazama ni ibada isiyo na heshima na maombolezo yasiyo na huzuni. Ngoma ya Waha inayochezwa na watu wanaoijua na kuipenda, wakalipwa jasho lao, ni ngoma ya kweli. Na inasimuliwa kwamba Confucius alipoingia katika hekalu kuu aliuliza kila kitu, watu wakasema hajui taratibu, naye akajibu kwamba kuuliza huko ndiko utaratibu wenyewe. Mgeni wa namna hiyo ndiye ninayemtamani. (Laozi, mwanafalsafa mwingine wa China ya kale, yeye alifundisha kwamba mtu anaweza kuujua ulimwengu bila kutoka mlangoni kwake, na hapo simfuati.)

Ombi langu kwa wanaopanga utalii wa mkoa ni kwamba fedha za kijiji cha maonyesho zitumike kuwafunza waongoza wageni. Wawe huru kusema wazi kwamba miembe inayoonyeshwa leo inaelezwa kuwa ni uzao wa ule wa zamani, si wenyewe. Waizungumzie biashara ya utumwa bila kuipamba. Wampe mgeni muda wa kuketi mwaloni na kuuliza, kwa ruhusa ya wavuvi na kwa malipo watakayokubaliana. Na wavuvi wasipotaka kupigwa picha, mgeni aambiwe hivyo kabla hajashuka garini.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma