Kocha wa mwanangu anataka dola 1,800 za majira ya baridi. Tulipe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Nimeamua kukuandikia kwa sababu mimi na mwenzangu hatuelewani juu ya mkono wa mtoto wetu. Ndugu wa huku niliowauliza hawaijui besiboli, na Wamarekani wanaoijua besiboli hawaijui hali yetu. Huenda kati yako na wasomaji wako yupo anayejua yote mawili.

Kijana wetu ana miaka 13, mwezi wa pili anatimiza 14. Yeye ni mrushaji, yule anayesimama kwenye kituta katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kwa wasioujua mchezo, karibu kila kitu kinaanzia mkononi mwake. Akirusha vizuri, wapigaji wanarudi benchi mmoja mmoja. Akikosa shabaha mara nne, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bure, anafuata mwingine, na mwanao amebaki peke yake pale juu huku uwanja mzima unamtazama. Kocha wa timu ana vijana zaidi ya kumi wa kuwaangalia, na mrushaji anahitaji mtu wa kumwangalia yeye tu. Ndiyo maana huku makocha binafsi wa warushaji ni biashara kubwa. Serikali haidai leseni yoyote kwa kazi hiyo, kwa hiyo aliyecheza zamani na mwenye uwezo wa kukodi ukumbi anaweza kufungua, bei akajipangia mwenyewe.

Wa kwetu anatoza dola 55 kwa nusu saa, na kijana amekuwa akienda kila wiki tangu mwaka jana. Sitaki nieleweke vibaya, Shangazi: huyu bwana anajua kazi yake. Anafundishia kwenye ghala la zamani lenye nyavu kila upande na zulia la plastiki la kijani. Siku moja nilikaa pembeni nikamwangalia. Alibandika utepe wa buluu kwenye zulia, ukaenda moja kwa moja kutoka kituta hadi kwa mdakaji, kisha akampa kijana taulo dogo alishike badala ya mpira, arushe kama kawaida. Mguu wa mbele ukatua nje ya utepe, kama upana wa kiatu kimoja. Kocha hakufoka. Alimrekodi kwa simu, akaicheza ile video polepole, akaisimamisha pale mguu ulipogusa chini. "Mguu umeshafika," akamwambia, "mkono wako uko wapi?" Mkono ulikuwa bado chini, nyuma ya nyonga. Mwili umetangulia na mkono umechelewa, kwa hiyo bega na kiwiko ndivyo vinavyolipa deni la kuukimbiza. Kijana alijiona mwenyewe akaelewa. Baada ya muda mguu ukawa unatua juu ya utepe, na mimi nisiyejua chochote nikaanza kusikia tofauti mpira unapoingia kwenye glavu ya mdakaji.

Tena alimfundisha mpira wa taratibu unaotoka na mkono uleule wa mpira wa kasi, mpigaji akazungusha gongo mapema mno. Mpira wa kupinda alikataa kumfundisha mpaka akue. Hayo yote kwangu yalistahili fedha yetu. Na yalikuja wakati mwafaka, kwa sababu kwenye Little League, ligi ya watoto, watoto wa mpaka miaka 12 hurusha kutoka futi 46, lakini wakubwa hurusha kutoka futi 60 na inchi 6, yaani zaidi ya mita 18. Mtoto anayeuhamia umbali huo bila mtu wa kumwongoza huanza kulazimisha.

Sasa kocha ameleta jambo jingine. Anataka kijana aingie kwenye programu ya kuongeza kasi, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Februari, mara tatu kwa wiki, dola 1,800, nusu yake ilipwe kabla ya kuanza. Watarusha mipira mizito kuliko ya kawaida na mingine myepesi, kila mrusho ukipimwa kwa rada. Kijana kwa sasa anarusha maili 67 kwa saa, kocha anasema masika ikifika atakuwa amegusa 75. Alituambia waziwazi kwamba asipoingia atapitwa na wenzake, na shule za sekondari siku hizi zinatazama namba ya rada kwanza.

Mume wangu alikuwa tayari kulipa jioni ileile. Namwelewa. Alicheza mpira wa miguu Moshi bila kocha wala viatu, na hata leo anaamini kwamba angepata mtu wa kumshika mkono angefika mbali. Kila mechi ya kijana anakaa nyuma ya wavu na daftari, anaandika mrusho mmoja mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo kauli yake. Ananionyesha video za David Matoma, kijana wa Uganda aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya Pittsburgh Pirates kwa ajili ya mkono wake wa kasi, ananiambia huyu naye ni wa kwetu. Kwamba watoto wa Afrika Mashariki wanaweza sina ubishi hata kidogo. Timu ya Lugazi, Uganda, ilicheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, tangu 2012, na siku niliposoma habari hiyo nilifurahi kama ni wanangu. Ninachobishia ni kama kasi ni kitu cha kumnunulia mtoto wa miaka 13 ambaye mifupa yake bado inakua.

Na hapo ndipo penye wasiwasi wangu, Shangazi. Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wauguzi. Kutwa nzima nawavalisha watu mashati, kwa hiyo namtambua mtu anayelinda mkono wake hata kabla hajasema. Mwezi wa kumi nilimwona mwanangu akifungua mlango wa gari kwa mkono wa kushoto, ilhali mlango uko upande wake wa kulia. Nyumbani akawa anasugua kiwiko upande wa ndani huku anatazama runinga. Nilipomuuliza alisema hakiumi, kimechoka tu, kisha akaniomba nisimwambie baba wala kocha, asije akaondolewa kwenye ratiba. Baba yake nimemwambia, na nimeshaweka miadi kwa daktari wa mifupa ya watoto, kwa hiyo hilo la hospitali usiwe na shaka nalo.

Ila nilianza kusoma. Kuna mwongozo unaoitwa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya besiboli ya Marekani pamoja na chama cha USA Baseball. Kwa umri wa miaka 13 na 14 kikomo ni mirusho 95 kwa siku, na mtoto akipitisha mirusho 65 anatakiwa apumzike siku nne kamili kabla ya kupanda tena kwenye kituta. Hilo timu yetu inalifuata, namshukuru Mungu. Lakini mwongozo huohuo unataka mtoto akae angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha mashindanoni, na miwili au mitatu mfululizo kati ya hiyo asirushe kabisa. Sasa chukua kalenda ya mwanangu. Masika ni ligi, kiangazi ni timu ya kusafiri, Indiana na Kentucky kila mwisho wa wiki, vuli kuna ligi nyingine. Kilichobaki ni majira ya baridi. Tukiyauza na hayo, huo mkono utapumzika lini?

Watafiti wa American Sports Medicine Institute, kule Birmingham, Alabama, walitoa utafiti mwaka 2006 wakiwalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao wasioumia. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuwa kwenye kundi la waliopasuliwa. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36. Niliisoma hiyo namba ya pili nikaenda kumwangalia mtoto amelala. Alisema "kimechoka tu." Neno lilelile.

Hata hiyo mipira mizito imechunguzwa. Utafiti wa mwaka 2018 uliwachukua vijana wa miaka 13 hadi 18 kwa wiki sita. Waliofanya mazoezi na mipira hiyo waliongeza kasi kwa asilimia 3.3, na asilimia 24 yao waliumia, ama wakati wa mazoezi ama msimu uliofuata. Kundi la kulinganisha, ambalo halikutumia mipira hiyo, halikuwa na majeruhi. Kwa kijana anayerusha maili 67, asilimia 3.3 ni maili mbili na kitu. Kocha anatuahidi nane. Zinazobaki zitatoka wapi, kama si kwenye kurefuka kwake mwenyewe? Maana mwaka huu amenizidi urefu, viatu tumebadilisha mara mbili. Alitoka maili 61 hadi 67, na hakuna anayeweza kunipimia ni ngapi za kocha na ngapi za ugali.

Nikiyasema haya kwenye benchi la wazazi, wengine wananiambia nisiogope, kwamba siku hizi kano ya kiwiko ikikatika inabadilishwa na mkono unarudi na nguvu kuliko mwanzo. Wanaouzungumzia ni ule upasuaji uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1974 na daktari Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John wa Los Angeles Dodgers. Ni kweli yule bwana alirudi uwanjani 1976 na akashinda mechi nyingi. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 31, hiyo ikiwa kazi yake ya mshahara. Kurudi kunachukua mwaka na zaidi. Mimi siwezi kupanga malezi nikiweka upasuaji kama akiba.

Upande wa fedha nitasema kidogo tu. Dola 1,800 ni zaidi ya shilingi milioni nne. Mume wangu anaendesha lori, mimi nachukua zamu za usiku, mama mkwe yuko Moshi na dawa za presha kila mwezi, na binti yetu wa miaka 10 tumeshamwambia asubiri masomo ya kuogelea. Kulipa tunaweza, tukijibana. Lakini tukijibana kwa ajili ya mmoja, wa pili anaona.

Kocha anatukumbusha kwamba kuna udhamini wa chuo, na hiyo ndiyo hoja inayomshika mume wangu. Nayo nimeifuatilia. Katika wachezaji wa besiboli wa sekondari nchini humu, kama asilimia 7 tu ndio wanaofika kucheza kwenye vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa, ni karibu asilimia 2. Kwa miaka mingi timu nzima ya Divisheni ya Kwanza iligawana udhamini kamili 11.7, kwa hiyo wengi walipata kipande tu cha ada. Sheria zimebadilika kuanzia msimu wa 2025-26. Vyuo vilivyokubali mfumo mpya vinaweza kuwadhamini wachezaji wote 34 wanaoruhusiwa kwenye timu, lakini si lazima vifanye hivyo. Divisheni ya Tatu haitoi udhamini wa michezo kabisa. Kijana ana alama nzuri za hesabu, na kwa macho yangu hizo ndizo zenye nafasi kubwa ya kumlipia chuo.

Sitaki kumwachisha mchezo, Shangazi. Ukimwona akiwa kwenye kituta anavyotulia, mtoto ambaye nyumbani hawezi kukaa kitako dakika tano, utaelewa kwa nini nazipanga zamu zangu kufuata mechi zake. Na sitaki kumdhalilisha baba yake mbele ya kocha, wala kumfanya kijana aone mimi ndiye niliyemfungia njia.

Pendekezo langu ni hili. Novemba mpaka mwisho wa Januari asirushe kitu. Afanye mazoezi ya miguu na mgongo nyumbani na kwenye ukumbi wa shule, ambako hatulipi. Februari aanze kurusha taratibu, arudi kwa kocha mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, na baba yake aende na lile daftari, aandike alichorekebishiwa, wakifanyie kazi wenyewe uani kwa wiki zinazofuata. Tungelipa dola 55 kwa mwezi kununua jicho la yule bwana, kwa sababu jicho ndilo alilotusaidia nalo. Rada ibaki kwake.

Nilipomweleza mume wangu, alisema kocha ataona hatuna nia na nafasi atapewa mtoto mwingine. Hapo ndipo naomba msaada wako na wa wasomaji, hasa mliolea wanamichezo huku Marekani. Je, mzazi humwambia vipi kocha wa aina hii "punguza" bila kumpoteza? Je, nimpe karatasi ya Pitch Smart mkononi, au nisubiri daktari aseme ili maneno yasitoke kwangu? Na mume wangu nimwingieje, maana akisikia "hapana" anasikia kwamba ndoto yake ya Moshi imekataliwa mara ya pili?

Malipo ya kwanza yanatakiwa kabla ya tarehe 15, na miadi ya daktari ni siku chache kabla ya hapo. Ukiweza kunijibu kabla, nitashukuru sana.

Mama wa Mrushaji
Columbus, Ohio